Bahari Imeshuka au Nchi Imepanda? Swali la Miaka 300

Kabla ya 1700: Miji iliyoifuata bahari

Mwaka 1491 watu wa Östhammar, mji mdogo kwenye pwani ya mashariki ya Uswidi, waliiacha bandari yao. Njia ya maji iliyokuwa ikipitisha meli hadi mjini ilikuwa imepungua kina, vyombo vikubwa havikupita tena, nao wakajenga mji mwingine, Öregrund, karibu zaidi na bahari kuu. Ng'ambo ya Ghuba ya Bothnia, nchini Ufini, mji wa Pori ulianzishwa mwaka 1558 kwa sababu hiyo hiyo: meli zilikuwa zimeshindwa kufika Ulvila, mji wa biashara wa zamani. Luleå, kaskazini mwa Uswidi, ulianzishwa mwaka 1621. Kufikia 1649 ulikuwa umekwisha kuhamishwa, kwa kuwa bandari yake haikuwa na kina cha kutosha.

Wavuvi na mabaharia wa huko walilijua jambo hili kabla wasomi hawajaliandika. Nyasi ziliota mahali ambapo wazee wao walitega nyavu. Visiwa viwili viliungana kuwa kimoja, na miamba iliyokuwa ikipasua mitumbwi chini ya maji ikaanza kuonekana juu. Wote walieleza kwa namna moja: maji yanapungua.

Mtu aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja anaweza kuuliza waliyaonaje mabadiliko ya namna hiyo. Pwani yetu ina bahari inayojaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Katika bahari kama hiyo sentimita moja kwa mwaka hupotea kabisa machoni. Ghuba ya Bothnia ni kinyume chake. Mlango wa Bahari ya Baltiki ni mwembamba mno kuruhusu mawimbi ya kujaa na kupwa kuingia kwa nguvu, na ndani ya ghuba hayazidi sentimita chache. Upepo na hali ya hewa hupandisha na kushusha maji, lakini mwaka ukiisha yanarudi karibu na pale pale. Kwa hiyo mabadiliko ya kudumu hujionyesha wazi, na huko yalikuwa makubwa kiasi cha kuonekana ndani ya umri wa mtu mmoja.

1731: Alama kwenye mwamba wa sili

Mtu wa kwanza kuligeuza jambo hili kuwa namba alikuwa Anders Celsius, mnajimu wa Uppsala, yule yule ambaye jina lake tunalitaja kila tunaposoma kipimajoto. Alitambua kwamba wawindaji wa sili walikuwa wamemtunzia ushahidi bila kujua.

Sili hupenda kupumzika juu ya mwamba unaochomoza kidogo tu majini, mahali anapoweza kupanda kwa urahisi. Mwamba kama huo ulikuwa mali. Uliuzwa, ulirithiwa, ulilipiwa kodi, na hati zake ziliandikwa. Mwamba ukizidi kuinuka, sili hawaupandi tena na thamani yake inakwisha. Celsius alizikusanya hati za zamani, akalinganisha urefu wa miamba ya wakati wake na ule ambao sili wangeweza kuupanda zamani, kisha akapiga hesabu. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1743 kwenye jarida la Chuo cha Sayansi cha Uswidi alieleza kwamba maji ya ghuba hushuka takriban mita 1.3 kwa kila miaka 100. Leo tunajua kwamba namba hiyo ni kubwa kupita kiasi, karibu mara mbili ya kiwango halisi cha eneo alilolipima. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa mwendo wa ukingo wa bahari kupewa kiwango, na kiwango kinaweza kukaguliwa na watu wengine.

Celsius alitaka kikaguliwe. Mwaka 1731, kwenye kisiwa cha Lövgrund karibu na mji wa Gävle, alichongesha mstari mwambani kuonyesha maji yalipofikia, pamoja na mwaka wenyewe. Alijua hataishi kuona jibu. Alifariki mwaka 1744, akiwa na miaka 42. Alama ile bado ipo, na sasa iko kama mita 2 juu ya maji. Tunachokijua leo kuhusu kupanda na kushuka kwa nchi kavu kilianza na uamuzi huo wa kuwaachia watu wa baadaye kitu cha kulinganisha.

1743–1765: Maji au nchi?

Celsius mwenyewe aliamini kwamba maji ndiyo yanayopungua. Alifikiri huenda mimea inayafyonza na kuyageuza kuwa udongo, au yanazama ndani ya dunia kupitia mashimo ya chini ya bahari. Carl Linnaeus, bingwa wa kuainisha mimea na wanyama, alimuunga mkono. Wazo hilo lilimpendeza: hapo mwanzo dunia yote ilikuwa bahari na kisiwa kimoja, na nchi kavu imekuwa ikipanuka tangu hapo.

Wengine walikasirika. Ikiwa maji yanapungua kwa kasi hiyo, basi miaka elfu chache tu iliyopita sehemu kubwa ya Uswidi ilikuwa chini ya bahari, na hesabu hiyo iligongana na historia ya taifa pamoja na masimulizi ya Biblia kuhusu gharika. Johannes Browallius, askofu wa Turku na mwanasayansi wa viumbe, alichapisha kitabu mwaka 1755 kupinga nadharia nzima. Pingamizi lake lilikuwa na faida, maana liliwalazimisha watetezi wa Celsius kutafuta ushahidi zaidi.

Hatua iliyobadili mwelekeo ilitoka kwa mpima ardhi. Mwaka 1765 Ephraim Otto Runeberg wa Ufini alipendekeza kwamba huenda kinachosogea ni gamba la dunia. Hoja iliyokuja kuamua jambo hili ni rahisi kuifuata. Bahari ni moja. Maji yakipungua, lazima yapungue kwa kiasi kile kile kila mahali, Stockholm na Copenhagen, Turku na Amsterdam. Lakini kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia ukingo ulisogea haraka, katikati ya nchi ulisogea taratibu, na kusini mwa Uswidi karibu haukusogea kabisa. Maji hayawezi kushuka upande mmoja wa bahari na kutulia upande mwingine kwa mamia ya miaka. Nchi kavu inaweza.

Wazo hilo lilichukua miongo mingi kukubalika. Kwa akili ya watu wa wakati ule, na pengine kwa yetu pia, ardhi ndiyo mfano wa kitu kilichotulia. Kusema kwamba nchi nzima inapanda, pamoja na makanisa na mashamba yake, bila tetemeko wala kishindo, kulihitaji ujasiri.

1774–1834: Daftari la Stockholm na safari ya Lyell

Wakati ubishi ukiendelea, kazi nyingine ilianza kimya kimya. Mwaka 1774 maofisa wa Stockholm walianza kuandika kimo cha maji penye lango la kupitisha vyombo kati ya Ziwa Mälaren na bahari. Lengo lao lilikuwa uendeshaji wa lango lenyewe. Amsterdam ilikuwa na vipimo vya zamani zaidi, tangu 1700, lakini mfululizo wake uliishia katika karne ya 20. Wa Stockholm umeendelea karibu bila kukatika hadi leo, na ndio mrefu kuliko yote duniani kwa usawa wa bahari.

Mwaka 1802 John Playfair wa Uskoti aliandika kwamba kupanda kwa nchi ndiyo maelezo yanayoingia akilini. Leopold von Buch, mwanajiolojia wa Ujerumani, alisafiri Skandinavia katika miaka hiyo na kufikia uamuzi huo huo. Aliyebaki na shaka alikuwa Charles Lyell, mwanajiolojia mashuhuri kuliko wote wa Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1830 hakuwa ameridhika na ushahidi. Mwaka 1834 alipanda meli kwenda kujionea.

Lyell alizunguka pwani ya Uswidi akizitafuta alama zilizochongwa na waliomtangulia. Alifika Lövgrund, akaukuta mstari wa Celsius ukiwa umeyaacha maji mbali chini yake, naye akachongesha alama yake ya mwaka 1834 kwenye mwamba huo huo. Alizungumza na wavuvi na marubani, akapima magamba ya kome wa baharini yaliyokutwa ndani ya nchi, juu kabisa ya ufuo wa wakati huo. Aliporudi London aliliambia Shirika la Kifalme la sayansi kwamba shaka yake imekwisha: sehemu za Uswidi zinapanda polepole. Neno la mtu aliyewahi kupinga lilikuwa na uzito, na tangu hapo swali likawa jingine. Kama nchi inapanda, inasukumwa na nini?

1840–1890: Mzigo ulioondoka

Jibu lilitoka upande ambao haukutarajiwa. Mwaka 1840 Louis Agassiz wa Uswisi alichapisha kitabu chake kuhusu barafuto na kudai kwamba zamani barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ulaya. Miaka 25 baadaye, mwaka 1865, Thomas Jamieson wa Uskoti aliliunganisha dai hilo na fukwe za kale alizoziona zikiwa juu ya bahari. Alipendekeza kwamba uzito wa barafu uliididimiza nchi, na barafu ilipoyeyuka nchi ilianza kurudi juu.

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Jahazi likipakiwa shehena huzama hadi mstari fulani, na likipakuliwa hupanda. Tofauti ni kasi. Jahazi huelea juu ya maji, nalo hupanda papo hapo. Gamba la dunia hukaa juu ya mwamba wa moto wa tabaka la chini, ambao hutiririka, lakini polepole mno, kiasi kisichoonekana kwa macho. Barafu iliyofunika Skandinavia ilifikia unene wa takriban kilomita 3. Iliondoka zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, na nchi bado inapanda.

Mtu aliyelithibitisha hilo kwa ramani alikuwa Gerard De Geer wa Uswidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 alipima kimo cha fukwe za kale kabisa nchini kote, akaunganisha kwa mistari sehemu zote zilizopanda kwa kiasi sawa. Mistari ilitoa umbo la yai, moja ndani ya nyingine, na kitovu chake kilikuwa karibu na pale ambapo barafu ilikuwa nene zaidi. Kwenye Pwani ya Juu ya Uswidi, inayoitwa Höga Kusten, alama za ufuo wa kale zimefika mita 286 juu ya bahari ya leo. Eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2006 liliunganishwa na visiwa vya Kvarken upande wa Ufini, ambako takriban kilomita moja ya mraba ya nchi mpya hutoka baharini kila mwaka.

1886–1937: Vipimo vinaenea nchini

Hadi hapo ushahidi ulikuwa wa pwani tu, kwa sababu kipimo kilikuwa bahari. Ili kujua nchi ya ndani inapanda kiasi gani ilibidi kutumia njia ya wapima ardhi: darubini iliyosawazishwa vizuri katikati, fimbo mbili zenye namba mbele na nyuma, soma tofauti, songa hatua, rudia. Uswidi ilifanya upimaji wake wa kwanza wa mwinuko wa nchi nzima kati ya 1886 na 1905. Ufini ilifuata kuanzia 1892. Alama za kudumu zilichongwa au kupigiliwa kwenye miamba. Miongo kadhaa baadaye wapimaji wengine walipita njia zile zile, na tofauti kati ya daftari la kwanza na la pili ikawa ndiyo mwendo wa nchi. Sehemu za kaskazini mwa ghuba zilionekana kupanda karibu milimita 9 kwa mwaka zikilinganishwa na bahari.

Bandarini nako kazi ilibadilika. Tangu miaka ya 1830 Waingereza walikuwa wametengeneza kipimio cha bahari kinachojiandikia chenyewe: kisima chembamba kilichounganishwa na bahari kwa tundu dogo linalozuia mawimbi, boya ndani yake, waya, na kalamu inayochora juu ya karatasi inayozungushwa na saa. Ufini iliweka chake cha kwanza Hanko mwaka 1887, na Stockholm ikapata chake mwaka 1889. Mwaka 1933 ofisi ya kudumu ya kukusanya vipimo vya usawa wa bahari kutoka duniani kote ilianzishwa Liverpool, Joseph Proudman akiwa katibu wake wa kwanza. Bado inafanya kazi, na hazina yake ina kumbukumbu za vituo zaidi ya 1,500.

Mwaka 1935 Norman Haskell aliutumia mwendo wa Skandinavia kukokotoa unato wa mwamba wa chini. Jibu lake, kwa kizio cha paskali-sekunde, lilikuwa moja ikifuatwa na sifuri 21. Namba hiyo imedumu vizuri hadi leo, na wanaochunguza mwendo wa mabara huitumia pia. Yote hayo yalitokana na fukwe zilizopanda.

1966–2003: Kupima kisichoonekana

Swali moja lilikuwa bado wazi. Nchi ikipanda, chini yake kunatokea nini? Mwamba wa chini unaweza kuwa unatiririka kuingia kujaza nafasi, au gamba lenyewe linaweza kuwa linatanuka bila tungamo jipya kuongezeka. Fimbo na darubini haziwezi kutofautisha. Mvutano wa dunia unaweza.

Kila kinachokwenda juu hujitenga na kitovu cha dunia, na mvutano wake hupungua. Wanasayansi huupima kwa mikrogali, kizio kilichotokana na jina la Galileo. Mikrogali moja ni karibu sehemu moja kati ya bilioni ya mvutano tunaousikia. Ukipanda milimita moja hewani, mvutano hupungua mikrogali 0.31. Lakini ikiwa unapanda kwa sababu mwamba mpya umeingia chini yako, mwamba huo nao unakuvuta, na upungufu unakuwa mdogo zaidi.

Mwaka 1966 nchi za Nordiki, kwa wazo la Aimo Kiviniemi wa taasisi ya jiodesia ya Ufini, zilianzisha mstari wa vituo kufuata latitudo ya 63 Kaskazini, kutoka pwani ya Norwei hadi Joensuu mashariki mwa Ufini, ukikatiza eneo la kupanda. Vituo vilichaguliwa mahali ambapo mvutano unakaribiana sana, ili makosa ya kipimio yasigeuke kuwa matokeo. Wapimaji walibeba vipimio vya springi garini kutoka kituo hadi kituo, wakisoma na kusoma tena. Kazi iliendelea hadi 2003. Wakati huo tayari vilikuwapo vipimio vya aina nyingine vinavyodondosha kioo ndani ya bomba lisilo na hewa na kupima anguko lake kwa mwanga wa leza na saa ya atomu, mara maelfu, hadi kufikia usahihi wa mikrogali chache.

Jibu lililotoka katika vipimo hivi vyote ni upungufu wa mikrogali kati ya 0.16 na 0.2 kwa kila milimita ya kupanda. Hicho ndicho kiasi kinachotarajiwa ikiwa mwamba wa chini unatiririka kuingia. Jamieson alikuwa amekisia, De Geer alikuwa amechora, na sasa mvutano ulikuwa umeonyesha tungamo lenyewe likirudi.

1992–2018: Kipimo kisichotegemea ufuo

Vipimo vyote vya zamani vilikuwa na kasoro moja. Vilipima nchi kwa bahari na bahari kwa nchi. Kama vyote viwili vinasogea, kinachopatikana ni tofauti tu. Daftari la Stockholm liliionyesha kasoro hiyo vizuri. Martin Ekman alipoupanga mfululizo wote mwaka 1988 aliona kwamba katika karne ya kwanza, hadi miaka ya 1880, bahari ilishuka karibu milimita 5 kwa mwaka. Katika karne iliyofuata ilishuka karibu milimita 4. Mwamba wa chini haubadili mwendo wake ghafla hivyo. Kilichobadilika ni bahari: ilikuwa imeanza kupanda, na ongezeko hilo lilijionyesha hata mahali ambapo kwa macho maji yanazidi kushuka.

Setilaiti zilileta kitu cha tatu cha kulinganisha, yaani kitovu cha dunia. Mwaka 1993 Uswidi na Ufini, pamoja na wenzao wa Marekani na Kanada, walianza mradi wa BIFROST: vipokezi vya GPS vilivyofungwa daima kwenye mwamba. Matokeo yalionyesha kitovu cha kupanda karibu na Umeå, milimita zipatazo 10 kwa mwaka, na pia kwamba nchi inatanuka kwenda pembeni kutoka kitovuni.

Kwa upande wa bahari, setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilirushwa Agosti 1992, ikaizunguka dunia kilomita 1,336 juu, ikipima umbali hadi usoni mwa maji kwa rada. Warithi wake, setilaiti za Jason na Sentinel-6, wameendeleza rekodi hiyo bila pengo. Tangu 1993 wastani wa bahari za dunia umepanda zaidi ya sentimita 10, na kasi imeongezeka maradufu katika kipindi hicho. Kwa kipindi chote cha 1901 hadi 2018, kupanda kulikuwa sentimita 20.

Kisha Machi 2002 zikarushwa setilaiti mbili za mradi wa GRACE wa Marekani na Ujerumani, zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220. Ya mbele inapokaribia mahali penye tungamo kubwa huvutwa kwanza, umbali kati yao unaongezeka kwa kiasi kidogo mno, na badiliko hilo hupimwa. Kwa njia hiyo walipata ramani ya mvutano wa dunia kila mwezi. Greenland ilionekana ikipoteza tani bilioni 270 hivi za barafu kwa mwaka, na Antaktika karibu bilioni 150. GRACE ilimaliza kazi mwaka 2017, na mrithi wake akarushwa Mei 2018.

Hapo ndipo swali la Celsius liliporudi likiwa na uzito mpya. GRACE inapima tungamo, lakini haijui kama tungamo hilo ni barafu au mwamba. Antaktika nayo inainuka katika sehemu zilizopoteza barafu ya kale, na mwamba unaoingia chini yake huongeza mvutano wakati barafu ya juu inaupunguza. Asiyejua nchi inapanda kiasi gani hawezi kujua barafu inapungua kiasi gani. Hata vipimo vya rada baharini hurekebishwa karibu milimita 0.3 kwa mwaka kwa sababu sakafu ya bahari inashuka taratibu kufuatia kuondoka kwa barafu ile ile ya kale. Elimu iliyoanzia kwenye miamba ya sili imekuwa sehemu ya kila hesabu ya kupanda kwa bahari.

Tangu 1984: Gati zetu

Matokeo mengine ya elimu hii yanatuhusu moja kwa moja. Kifuniko kikubwa cha barafu kama cha Greenland huyavuta maji ya bahari kukizunguka. Kikiyeyuka, mvutano wake unapungua, maji yaliyo karibu yanaachiliwa, na bahari iliyo karibu nacho hushuka. W. E. Farrell na James Clark waliionyesha hesabu hiyo kikamilifu mwaka 1976. Maji yaliyoachiliwa yanakwenda mbali, na pwani za nchi za joto hupata zaidi ya wastani wa dunia. Barafu inayoyeyuka kaskazini kabisa na kusini kabisa inajibiwa na ufuo wa Kilwa, Tanga na Malindi.

Afrika Mashariki ilianza kujiwekea kumbukumbu hivi karibuni tu. Mfululizo wa kisasa wa bandari ya Zanzibar ulianza mwaka 1984 na ule wa Mombasa, Kilindini, mwaka 1986. Mifululizo yote miwili imo katika hazina ya Liverpool. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 vipimio vya Bahari ya Hindi vilipewa uzito zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyotoa onyo. Malindi, kwenye kituo cha anga cha San Marco, kuna kipokezi cha kudumu cha GPS kinachofuatilia mwendo wa ardhi pale kilipo.

Huu ni mwanzo mzuri, lakini unadai uvumilivu mkubwa kuliko ule wa Waswidi. Bahari yetu ina bamvua na maji mafu, ina kaskazi na kusi, na ina mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 ambao hupandisha na kupunguza kimo cha bamvua zenyewe. Kuchuja milimita chache kwa mwaka kutoka ndani ya mita 4 kunahitaji miongo. Zanzibar ilitimiza miaka 40 mwaka 2024, muda unaotosha mizunguko miwili ya mwezi. Ni sasa tu ndipo daftari hilo linaanza kusema kwa uhakika.

Nalo halitoshi peke yake, maana ufuo wenyewe nao hubadilika. Gereza, ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, limepoteza sehemu ya kuta zake baharini, na delta kama ya Rufiji zina tabia ya kudidimia kwa uzito wa tope lake lenyewe. Mahali pengine kushuka kwa ardhi kumekuwa balaa. Jakarta, ambako maji ya chini ya ardhi yamevutwa kwa visima kwa miongo mingi, kuna mitaa iliyoshuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, mara nyingi kuliko bahari inavyopanda. Mji kama huo ukijenga ukuta kwa kuifikiria bahari pekee, unajenga ukuta mfupi. Hatuwezi kujua hali ya Dar es Salaam, Lamu au Pemba kwa kupima maji tu, na kipokezi cha Malindi hakiwezi kulisemea gati la Kilindini.

Kinachotakiwa kiko ndani ya uwezo wetu. Kila kipimio cha bahari kiwe na kipokezi cha GPS kwenye gati lile lile. Alama za mwinuko zilizo karibu nacho zipimwe upya kila mwaka. Gati likivunjwa ili lijengwe upya, alama mpya iunganishwe na ya zamani kabla ya tingatinga kuingia, maana siku alama inapopotea bila kuunganishwa, miaka yote iliyotangulia inapoteza thamani yake. Vipimo vichapishwe, vyuo vyetu vivitumie, na bajeti ya matengenezo isingoje mfadhili.

Waliolianzisha daftari la Stockholm mwaka 1774 walishughulikia lango la vyombo. Hawakuwa wamesikia habari za enzi ya barafu, wala hawakuweza kuota kwamba karne mbili baadaye namba zao zingeonyesha bahari ya dunia ikianza kupanda. Daftari lao lilipata thamani kwa sababu kila kizazi kilikubali kuandika mstari mmoja zaidi. Daftari la Zanzibar na la Mombasa yanastahili kutunzwa hivyo hivyo, kwa sababu watakaopanga miji ya pwani hii mwaka 2100 watazihitaji namba zetu za leo, na hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuzipima.